Wasifu wa Marehemu Ngosha wa Angani

Mama mkwe wangu, Mama Paskazia, hapendi filamu za kutisha. Anasema hazina akili.

"Mtu anasikia kitu kinakwaruza stoo," huwa anasema, "badala ya kuita majirani anachukua tochi anakwenda peke yake, tena na gauni la kulalia. Huyo msiniambie ameuawa na zimwi. Huyo amekufa kwa kukosa majirani."

Anazopenda ni za anga. Huko, anasema, watu wapo kazini. Kila mmoja ana spana yake, wanaitana kwa majina, na kitu kikiharibika wanatoka nje kukitengeneza hata kama nje kwenyewe hakuna hewa. Mwanawe Obedi, ambaye ni mume wangu, ni fundi wa friji, na nadhani ndiyo maana. Mafundi wa angani anawaona kama Obedi, ila wao wamepanda juu zaidi.

Filamu hizo tunaziangalia Alhamisi mchana kwenye banda la video la Venant, hapa Igogo, siku ya kina mama. Venant anazima sauti ya filamu, anashika maiki, anatafsiri. Nasema anatafsiri kwa sababu ndivyo ubao wake wa nje unavyosema. Kwake kila shujaa ni Ngosha. Awe mweupe, awe Mchina, awe roboti, ni Ngosha tu. Kabla ya kuanza huchungulia mabenchi, akaona nani kaja, ndipo anapogawa mitaa. Wakiwapo watu wa Mkolani, Ngosha anakuwa kijana wa Mkolani. Adui anatoka Pasiansi siku zote, kwa sababu Pasiansi kuna mtu kafungua banda zuri kuliko lake.

Alhamisi hiyo tulikaa benchi la mbele, mimi na mama mkwe, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi miwili na hakuwa na jina. Kadi yake ya kliniki iliandikwa "Mtoto wa Rebeka", na nesi alishaniambia Jumatatu ndiyo siku ya kuandikisha vyeti, nikifika bila jina nisimsumbue. Jina nililokuwa nalitaka nilikuwa nalo tangu mimba haijaonekana. Modesta. Ni jina la mama yangu, aliyefariki nikiwa darasa la sita. Sikuwa na ndugu wa kike, na kaka zangu walizaa wavulana watupu, kwa hiyo lile jina lilikuwa halijaitwa na mtu kwa miaka kumi na miwili. Nilitaka kulisikia likiitwa uani, kwa sauti, kwa hasira hata, mtu akisema Modesta toka kwenye tope.

Lakini kwao Obedi, mtoto wa kwanza jina lake linatoka upande wa baba. Nilishalitaja mara tatu. Mara zote mama mkwe aliitikia "mmh" akaendelea kuchambua mchele.

Basi Venant akachungulia, akamwona Mama Paskazia, ambaye ukoo wa marehemu mumewe ni wa Mkolani, akaanza. "Huyu mnayemwona amevaa gunia jeupe ni Ngosha, mtoto wa Mkolani! Dishi la dunia nzima limeharibika. Simu hazishiki. Nani ataweza kupanda kulitengeneza? Ngosha!"

Kina mama wakapiga vigelegele.

Ngosha akapanda. Humo ndani ya roketi kulikuwa na kidudu chenye miguu mingi ambacho Venant alisema kimetumwa kutoka Pasiansi. Kikala wenzake wawili. Ngosha akatoka nje, akaning'inia kwenye kamba, anakaza nati, kidudu kinamfuata, na hapo hapo umeme ukakatika.

Banda likawa giza. Watu wakaanza kudai mwisho. Venant si mtu wa kukubali aibu. Maiki ilikuwa imekufa, akapanda juu ya kreti la soda akamalizia kwa mdomo.

"Ngosha anaikata kamba yake mwenyewe!" akasema. "Anaikata ili aondoke na kile kidudu, wenzake wapone! Anakwenda. Bado anakwenda. Hana mke. Hana mtoto. Kwenye redio wanamwita, Ngosha, Ngosha, haitiki. Kwaheri, Ngosha!"

Na mwanangu, aliyekuwa amelala muda wote, akaangua kilio.

Mimi nilishikwa na ile ya redio. Mtu anaitwa na haitiki, halafu siku moja wanaomwita nao wanachoka. Nilimgeukia mama mkwe nimwambie hivyo. Alikuwa ameshika kanga mdomoni, anamtazama mtoto.

"Umesikia?" akaniuliza. "Ameitika."

*

Ijumaa mtoto alilia tena saa tisa, saa ileile ya jana. Jirani yetu Mwanaharusi, ambaye ana watoto watano, alisema ni chango, akamkanda tumbo. Mama Paskazia akasema chango hakina saa. Jioni hiyo alimwita Baba mkubwa Revocatus kutoka Mkolani, kaka wa marehemu mumewe, na kikao kikakaa sebuleni kwetu.

"Shemeji," mama mkwe akaanza, "mimi si mshamba. Najua ile ni filamu. Ninachouliza ni kimoja. Amekufa au hakufa?"

"Kwa maelezo yako amekufa," Baba mkubwa akasema.

"Amezikwa?"

"Kwa maelezo yako yuko hewani."

"Ana mtoto?"

"Hana."

"Kijana wa Mkolani, amekufa kazini, hakuzikwa, hana wa kubeba jina lake. Na mtoto wa ukoo hana jina, analia saa ileile aliyokata kamba. Mnataka aje apige hodi?"

Obedi akasema, "Mama, mtoto ni wa kike."

"Jina halivai suruali."

Baba mkubwa alifikiri. Yeye ni mtu wa filamu za kutisha, tena za majumba ya zamani, na maoni yake huyatoa taratibu kama hukumu. "Hilo ndilo kosa la filamu za anga," akasema. "Filamu ya kutisha ina utaratibu. Mzimu una dai, dai linasikilizwa, mzimu unaondoka, familia inauza nyumba. Za anga zinamwacha mtu anaelea tu, halafu wanaandika majina ya wapishi na madereva. Kisheria hilo jambo halijaisha."

"Umeona?" mama mkwe akanigeukia.

"Lakini Baba mkubwa," nikasema, "kwani ni kijana wa Mkolani kweli? Si Venant ndiye aliyesema?"

"Basi Venant aitwe hapa," Baba mkubwa akasema.

Venant alikuja na shati la kanisani, akidhani tunampa zawadi. Alipoelewa akaanza kutoka jasho. Alikiri yote. Kiingereza anachojua ni kile cha kuangalia midomo. Jina la Ngosha katoa kichwani, Mkolani katoa kichwani, kamba kukatwa katoa kichwani, na umeme uliporudi saa kumi na mbili hakuangalia mwisho kwa sababu alikuwa na mpira.

Obedi akashika simu, akaitafuta ile filamu, akaipata. Tukainamia wote. Ukweli, kamba haikukatwa. Yule bwana anaua kidudu kwa spana, anarudi duniani, anashuka baharini kwenye kitu kama ndoo, na mwanamke mwenye nywele fupi anamkumbatia.

Nilimshukuru Mungu kimyakimya. Niliona Modesta kabisa, mwandiko wa nesi, wino wa bluu.

Mama Paskazia alirudisha simu kwa mwanawe. "Huyo ni mtu mwingine," akasema.

"Mama! Ni yuleyule! Tazama sura!"

"Sura naiona. Huyo anaitwa nani?"

Obedi akasoma jina la Kizungu.

"Basi. Ngosha angeshuka, angepita kwanza Mkolani kusalimia. Huyu kashuka baharini moja kwa moja kwa mwanamke. Ngosha wetu alikata kamba. Nilikuwapo. Kina mama arobaini walikuwapo." Akamnyooshea Venant kidole. "Na kama ni wewe uliyemtoa kichwani, basi wewe ndiye uliyemzaa. Na wewe ndiye uliyemuua. Tutakuhesabu kama baba, kwa heshima."

Venant akamtazama Baba mkubwa amwokoe.

"Pole sana kwa msiba," Baba mkubwa akamwambia, akampa mkono.

Na Venant, sijui kwa nini, akaupokea. Akakaa chini. "Ahsante, mzee," akasema. "Ni mapema mno, kwa kweli. Alikuwa bado kijana."

Nilijua nimebaki na siku mbili. Ndipo nikasema neno ambalo lilitoka kabla sijalipima. "Lakini Mama, mtu hawezi kurithiwa jina msiba haujaanuliwa. Huyu hata kuliliwa hajaliliwa. Hakuna aliyekaa matanga."

Nilitaka kuchelewesha tu. Matanga yanachukua muda, na Jumatatu ingepita, na baada ya Jumatatu labda akili ingerudi. Mama mkwe alinitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona usoni pake.

"Hii ndiyo faida ya kuoa msichana aliyesoma," akasema. "Kesho saa nane. Tunakaa, tunalia, tunaanua, siku moja inatosha, hana mwili wa kusubiri. Na wasifu wa marehemu utaandika wewe, Rebeka. Umesoma masomo ya jioni mpaka kidato cha nne, huwezi kushindwa na ukurasa mmoja."

*

Jumamosi asubuhi nilikaa na Venant mlangoni, daftari gotini, mtoto kwenye titi. Kila msiba wa kwetu una wasifu: marehemu alizaliwa lini, wazazi wake nani, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha nani. Mtu asiyesomewa wasifu ni kama amepita tu.

"Alizaliwa mwaka gani?" nikamuuliza baba wa marehemu.

"Weka wowote."

"Shule?"

"Weka ya Mkolani. Ila usitaje jina, wasije wakatafuta kwenye rejista."

"Mama yake?"

Venant alikuna kichwa. "Mama hayupo kwenye ile filamu."

"Nauliza mama yake, Venant. Wewe ni baba. Ulizaa na nani?"

"Jirani, usinitie matatizoni. Mke wangu atakuwepo." Akasimama, akaniambia ana spika za kutoa bandani, maana ameshatangaza msiba mtaa mzima.

Nikabaki na nafasi tupu. Sijui kutunga kama Venant. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema andika unachokijua, na mama wa mtu ninayemjua ni mmoja. Nikaanza kuandika, na mkono haukusimama mpaka mtoto aliposhiba.

Saa nane ua ulikuwa umejaa. Venant aliwatangazia kwa ile sauti yake, na kina mama walikuja na sukari, maharage, masufuria, kila mtu na kanga yake begani. Nilidhani watacheka. Walicheka walipokuwa njiani. Walipofika na kuona mkeka na Venant amekaa anainamisha kichwa, wakaanza kulia, kwa sababu mtu akikuta mkeka na watu wameinamisha vichwa, machozi yanajua kazi yake.

Kulikuwa na maoni, bila shaka. Mmoja alisema Ngosha alikosea kutoka nje bila kumuaga mtu. Mwingine alisema kile kidudu hakikuwa na ubaya, kilikuwa na njaa, angekirushia dagaa. Mwanaharusi alisema yeye filamu za anga zinamchosha kwa sababu hakuna mtu anayepika. Watu wanakaa huko miezi, hujaona sufuria, unategemea nini kama si balaa?

Kisha ukaingia ujumbe kutoka Pasiansi. Walikuwa watu wanne wakiongozwa na mama mmoja anaitwa Shamsa, amejifunga vizuri, amebeba beseni la viazi vitamu.

"Tumekuja kutoa pole," Shamsa akasema. "Na kueleza mbele ya wafiwa kwamba kile kidudu hatukukituma sisi. Tumeulizana mtaa mzima."

Baba mkubwa akasimama, akasema ukoo umepokea maelezo na hauna kinyongo. Watu wa Pasiansi wakakaa, mioyo yao ikatua.

Halafu akaja Bilali. Bilali ni mwendesha bodaboda na ni mtani wa ukoo wa Obedi, na kazi ya mtani msibani ni kuharibu. Aliingia amevaa helmeti, amejizungushia foili ya kufungia samaki, kamba ya manila imefungwa kiunoni inaburuta nyuma. Akatembea polepole, mguu mmoja hewani kwanza, kama asiye na uzito. Akafika kwenye mkeka katikati ya waombolezaji, akalala chali.

"Mwili umefika," akasema kutoka ndani ya helmeti. "Endeleeni. Lakini tangu nikate kamba sijala."

"Mfu hali!" Mama Paskazia akamfokea.

"Mfu wa angani anakula. Hakuna hewa, atakula nini kama si ubwabwa? Halafu mmenilia vibaya. Yule mama wa pembeni ananilia huku anaangalia simu."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakapaliwa. Hapo ndipo Baba mkubwa alipogonga fimbo, akasema wasifu usomwe.

Nikasimama, mtoto mgongoni. Nikasoma kwamba marehemu Ngosha alizaliwa Igogo, kwenye chumba kimoja karibu na ziwa, kabla hajahamia Mkolani. Nikasoma kwamba mama yake alikuwa akianika dagaa juu ya mawe, akishinda juani anafukuza yangeyange kwa kanga ileile aliyombebea mtoto. Kwamba hakujua kusoma hata herufi, lakini kila jioni alikagua daftari la mwanawe, akilishika juu chini, na ukurasa usio na alama nyekundu za vema aliukazia macho bila kusema neno mpaka mtoto mwenyewe akakiri. Kwamba siku mtoto alipoogopa kwenda shule mpya, mbali, alimsindikiza mpaka barabarani akamwambia: nenda, mimi nitasimama hapa mpaka nisikuone. Na mtoto alipogeuka kila mara alimkuta amesimama. Kwamba aliugua kifua mwezi mmoja, na wiki ya mwisho, hana sauti tena, aliomba kwa ishara aletewe daftari akague.

Nilitua kuvuta pumzi. Bilali alikuwa ameinua kioo cha helmeti. Venant alikuwa analia, na safari hii hakuwa anatafsiri.

"Marehemu," nikamalizia, "alikwenda mbali kwa sababu alijua kuna mtu amesimama anamwangalia."

Mama Paskazia alikuwa wa kwanza kusema. Hakupaza sauti.

"Rebeka. Huyo mwanamke hakuwemo kwenye filamu."

"Hakuwemo, Mama."

"Venant hakumtoa kichwani."

"Hakumtoa."

"Ni mama yako."

Nilitaka kusema ndiyo, nikaitikia kwa kichwa tu. Nilingoja anifokee, kwa kuwa nimeharibu msiba wa watu kwa kuingiza maiti wangu.

"Wewe mtoto," akasema, "mara tatu umenitajia jina. Umenitajia Modesta kama mtu anayetaja dawa dukani. Hukuniambia daftari. Hukuniambia kusimama barabarani."

"Nilidhani hutaki, Mama."

"Ningetaka nini na jina tupu? Mimi mwenyewe sijui kusoma! Nani alimkagulia Obedi daftari kama si mimi, juu chini hivyohivyo?" Akageuka kumtazama mwanawe, na Obedi akatazama chini. "Alikuwa ananidanganya kwamba alama ya kosa ndiyo ya kupata."

Baba mkubwa alikohoa. "Shemeji, utaratibu wetu, mtoto wa kwanza ni upande wa..."

"Shemeji, wewe ndiye uliyesema jambo lina utaratibu. Ngosha ameliliwa, watu wamejaa, na Pasiansi wamekuja na viazi. Ana deni gani tena? Huyu mama je? Kazikwa, ndiyo, halafu nani amemwita tena? Na wasifu umesomwa mbele yako, ni mama yake Ngosha. Kijana mwenye adabu anakula kabla ya mama yake?"

Baba mkubwa alifikiri. "Hapana," akasema mwishowe. "Hata kwenye filamu za kutisha, mama ndiye huanza."

"Basi Ngosha atasubiri mtoto wa pili," akasema mama mkwe, na Obedi akapaliwa na chai.

Mtoto akaanza kulia mgongoni kwangu. Nadhani ilikuwa saa tisa, sikuangalia. Mwanaharusi akasema ni chango, jamani, tangu juzi nasema ni chango. Mama Paskazia akaja akamfungua kwenye kanga kwa mikono yake miwili, akamtazama usoni kama anayemkagua, akatafuta mahali pa kumlaza. Mkeka wote ulikuwa umejaa.

Akampiga Bilali teke dogo la ubavuni.

"Inuka hapo, marehemu," akasema, kwa sauti ambayo nadhani ilifika ziwani. "Modesta anataka kulala."